Dawa ya Kazi Zote

Gari liliingia kinyumenyume, na kabla Leonidasi hajazima injini nyuki walikuwa wameshafika.

Hawakuwa wengi. Saba, labda wanane, wakizunguka dirisha la nyuma polepole kama watu waliokuja kusalimia na hawana haraka. Niyubahwe alikuwa amechuchumaa akisugua rimu za bodaboda. Akainuka na brashi mkononi, povu likimtiririka mpaka kiwikoni. Alimtazama mumewe, akalitazama gari, akawatazama nyuki. Kisha harufu ikamfikia, tamu na nzito, ya ndizi zilizoiva zikapitiliza.

"Mana yanje, Mungu wangu," alisema. "Baba Fidele, umefanya nini?"

"Teremsha turubai kwanza. Watu wanaona."

Akaliteremsha. Kibanda chake cha kuoshea magari, pale barabara ya kwenda Heru Juu, hakikuwa na geti. Kilikuwa na turubai la bluu, simtanki moja juu ya matofali, na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta: TUNAOSHA VYOTE. Na tuseme ukweli, hapa hatusikiwi na mtu: Leonidasi alikuwa akikionea haya kibanda hicho. Miaka tisa amemwendesha Hashimu, mfanyabiashara wa saruji na mabati pale Kasulu mjini, na katika miaka hiyo tisa hakuwahi kulileta Prado la bosi kwa mkewe. Alilipeleka mjini, kwenye mashine kubwa, kwa vijana wenye buti za mpira. Kwa mkewe zilikwenda bodaboda na fuso za mihogo. Leo ndiyo amelileta, tena kwa kuliingiza kinyumenyume kama mwizi.

"Dumu la pombe limepasuka," alisema.

"Lile la wakwe?"

"Lile lile."

"Lote?"

"Lita ishirini zote, mama Fidele. Nilikuwa nimeshavuka Malagarasi. Nikasikia puu! Nikadhani tairi. Kugeuka nyuma, pombe inaruka mpaka kwenye dari."

Niyubahwe akafungua mlango wa nyuma. Viti vya kitambaa, rangi ya chai ya maziwa, vilikuwa vimegeuka kahawia. Zulia lilikuwa bwawa. Darini kulikuwa na alama ndefu iliyotapakaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na tone moja lilikuwa bado linaning'inia pale, likifikiria. Nyuki mmoja akaingia, akatua juu ya kiti cha Bi Zena, mama wa bosi, akaanza kunywa.

Ilikuwa hivi. Mtoto wao Fidele, anayelima maharage kule Titye, alikuwa amempata binti, Divine, wa mzee Ndayikunda wa Mabamba. Na kwa watu wetu, pombe ya kumwombea binti haifunguliwi njiani. Inafungwa nyumbani kwa mvulana, inafunguliwa kwa mkono wa baba wa binti. Ikifika imeguswa, watasema mmeinywa, au mmetia mate, au mna dharau. Zamani mdomo wa mtungi ulizibwa kwa jani la mgomba, na jani linapumua. Leonidasi yeye akaitia kwenye dumu la plastiki, akakaza kifuniko, chini yake akaweka nailoni, juu yake akazungusha mpira wa baiskeli mara nne. Kwa heshima. Urwarwa wenyewe, pombe ya ndizi, ulikuwa wa siku mbili, bado unachemka. Muuza pombe yeyote angemwambia alegeze kifuniko, na hata yeye alijua. Lakini alimwona mzee Ndayikunda akilini, anaweka kidole kwenye kifuniko na kukikuta kimelegea, na aibu ile akaona kubwa kuliko hatari.

Halafu, huyo Hashimu wala hakujua kwamba gari lake limebeba pombe. Alimtuma dereva Kibondo kupeleka vifaa vya duka la mpwa wake Khatibu, basi. Leonidasi akaona Mabamba ni pale tu mbele, na dumu litakaa nyuma kimya.

"Umemwambia nini?" Niyubahwe aliuliza.

"Bosi? Vifaa vya Khatibu nilivishusha kwanza, lakini nimepiga simu, nimemwambia mzigo haujashushwa, nalala Kibondo, nitarudi kesho usiku. Ijumaa asubuhi niko mlangoni kwake kumchukua Bi Zena."

"Na Ndayikunda?"

"Nimemwambia gari limeharibika."

"Limeharibika kweli," mkewe alisema.

Leonidasi akakaa kwenye ndoo. Mwanaume mrefu yule, shati jeupe limepigwa pasi, amekaa kwenye ndoo kama mtoto aliyefukuzwa darasani. "Unamjua Hashimu," alisema. "Gari hili linambeba mama yake. Linakwenda msikitini. Aliniambia siku ya kwanza kabisa: Leonidasi, sina masharti mengi, sigara na pombe visiingie humu. Mawili tu. Akisikia harufu hii, kazi sina. Na kazi ikiondoka, Fidele ataoa kwa kitu gani?"

"Basi amka kwenye ndoo yangu," alisema Niyubahwe. "Ninaihitaji."

* * *

Kuna dawa moja inauzwa kwenye madumu ya kijani. Wenye maduka wanaiita dawa ya kazi zote, na wanakuapia kwamba inaosha injini, tairi, viti, kapeti, sinki na hata vigae vya chooni. Niyubahwe aliinunua miaka minne iliyopita na akaiamini kama alivyoambiwa. Kwao sabuni ni moja tu: ile ile ya kuogea mtoto, ya sufuria na ya kanga. Kwa hiyo akamwosha mteja wake wa kwanza bajaji nzima kwa dawa tupu, bila maji, kuanzia tairi mpaka kioo. Maandishi ya ubavuni yakatoka. Plastiki ya mbele ikapauka kama midomo ya mgonjwa. Alilia siku ile, akalipa, na tangu siku ile akawa mwanamke wa vipimo.

Sasa alikuwa na chupa nne za kupulizia, kila moja na uzi wa rangi yake shingoni. Uzi mweusi: kipimo kimoja cha dawa kwa vinne vya maji, wa tairi na matope ya injini. Wa bluu: kimoja kwa kumi, wa milango na plastiki za ndani. Mweupe: kimoja kwa kumi na tano, wa vitambaa. Na chupa ya nne ilikuwa na uzi mwekundu, ndani yake maji matupu, ya kuondolea dawa yenyewe. Vijana wa bodaboda walimcheka kwa chupa hiyo. "Mama Fidele, unapulizia maji kwenye maji?" Aliwaacha wacheke. Dawa isipoondolewa inabaki inakula kitambaa taratibu, mwenye gari akishaondoka.

Alianza pembeni, chini ya kiti, mahali pasipoonekana. Akapulizia kidogo, akasubiri, akapangusa kwa kitambaa cheupe, akakitazama. Rangi ya kiti haikutoka. "Sawa," alisema, na hapo ndipo akaruhusu mkono wake kufanya kazi.

Na jamani, palikuwa na uzuri katika kazi ile, hata siku ya balaa kama hiyo. Jua la alasiri lilipita kwenye turubai na kila kitu kikawa bluu, povu bluu, mikono bluu, shati la Leonidasi bluu. Alipulizia, akasugua kwa duara ndogondogo, povu likapanda jeupe na kushuka kahawia, akalikamua kwenye ndoo. Akapulizia tena. Ile kahawia ikawa rangi ya chai, chai ikawa maziwa. Mlango ulisafika kwa mpanguso mmoja. Mikanda ya kiti aliivuta yote, akaiosha kama anaosha nywele za binti. Leonidasi akiwa amesimama nyuma yake alihisi usingizi wa ajabu, kana kwamba pombe ile hakuimwaga bali aliinywa. Aliona barabara ya Mabamba, akaona meza ya mzee Ndayikunda, dumu katikati, kifuniko kimekaza, wazee wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Baba Fidele! Maji!"

Akazinduka, akachota.

Jua lilipokuwa likizama, viti vilikuwa vimerudi rangi yake. Nyuki walikuwa wameondoka. Leonidasi alicheka kwa sauti, akamshika mkewe bega lililolowa. "Wewe mwanamke wewe! Kumbe kweli ni ya kazi zote!"

Niyubahwe hakucheka. Aliingiza pua kwenye mshono wa kiti cha nyuma, akakaa hapo kidogo.

"Imetoka juu," alisema. "Chini ya kitambaa kuna sponji, na sponji imekunywa. Mimi dawa yangu inaondoa ninachokifikia."

"Itakauka."

"Itakauka na kunuka."

* * *

Alhamisi ilikuwa siku ya dari.

Dari la Prado limefunikwa kitambaa laini kilichobandikwa kwa gundi. Niyubahwe alilijua na kuliogopa. Alichukua povu tu, bila maji, povu la juu kabisa la chupa ya uzi mweupe, akaligusisha kwenye ile alama ya pombe na kupangusa kwa upande mmoja. Alama ikatoka. Ikatoka vizuri mno. Pale ilipokuwa sasa palikuwa na njia nyeupe, na ndipo wote wawili wakaona kwamba dari zima, ambalo miaka yote walidhani ni rangi ya majivu, lilikuwa jeupe lililochafuka.

Leonidasi akatazama ile njia nyeupe juu ya kichwa chake. "Sasa ndiyo inaonekana zaidi."

"Ninajua."

"Bosi ataona mstari huu kabla hajakaa."

"Ndiyo nasema ninajua. Safisha sehemu, umekubali kusafisha kote. Ndiyo maana watu wenye akili hawaanzi."

"Basi tusafishe kote!"

"Kote ni siku mbili. Kidogo kidogo, kikikauka ndiyo unasogea. Ukililowesha linadondoka."

Siku mbili hazikuwepo. Ijumaa saa mbili asubuhi Bi Zena, mama yake Hashimu, alikuwa apelekwe Kibondo kumwona kitukuu aliyezaliwa kwa Khatibu. Bi kizee yule alikuwa na pumu. Leonidasi ndiye aliyembebea mkoba wenye kipulizio chake, ndiye aliyejua afunge kioo kipi vumbi likitimka, na Bi Zena alimwita mwanangu tangu mwaka wa kwanza. Nalisema hili ili mtu asije akadhani Leonidasi alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu ilimpa haraka.

Mchana mkewe alipokwenda kumhudumia mteja mwenye fuso, akachukua sifongo, akaichovya, akasugua dari mwenyewe. Alisugua kwa nguvu za kiume, maji yakimchuruzika makwapani. Na lilikuwa likitakata! Alijiona fundi. Alijisemea kwamba kazi yenyewe ni nguvu tu, mkewe anaikuza kwa vichupa vyake vya nyuzi. Nusu saa baadaye, akiwa amekaa kiti cha mbele kupumzika, alihisi kitu laini kikimgusa utosini. Akatazama juu. Kitambaa kilikuwa kimeachia gundi na kushuka katikati, kimevimba, tumbo la ng'ombe kabisa.

Niyubahwe alipoona hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani akarudi na pini za nguo, na wakakaa pamoja mle ndani wakibana dari kwa pini, moja moja, vichwa vimeinamishwa, kama watu wanaoshona shela ya bibi harusi.

"Tumwambie," alisema mkewe katikati ya pini.

"Nani?"

"Hashimu. Tumwambie leo, kabla ya kesho."

"Ukishamwambia, mimi ninakuwa nani? Mwosha bodaboda?"

Neno lilitoka, likakaa kati yao. Niyubahwe alichoma pini yake, akaikaza, akashuka. Mchana wote uliobaki hakuzungumza naye, ila kumwambia asogeze mguu.

* * *

Ijumaa alfajiri ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Kasulu ikiwa na ukungu, sauti huja kabla ya watu: unasikia kengele ya baiskeli, kikohozi, jembe kugonga jiwe, na baadaye ndipo mtu anachomoza. Niyubahwe alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani, akalisikia gari kabla hajaliona. Leonidasi alikuwa anafungua na kufunga milango.

Alipokaribia, macho yake yakaanza kuwasha.

Alikwenda kwenye dumu la kijani, akalinyanyua. Jana lilikuwa zaidi ya nusu. Leo lilikuja juu jepesi, hata mkono ukashangaa.

"Umeweka kipimo gani?"

"Sikupima."

"Umechanganya na maji?"

"Harufu ilikuwa palepale, mama Fidele! Nimeamka nikafungua mlango, kilabu kitupu! Ningefanya nini? Nimemimina kwenye mishono, ikaingia kwenye sponji, sasa nusa mwenyewe. Pombe hakuna. Kuna pombe? Niambie kama kuna pombe."

Kweli, pombe haikuwepo. Kulikuwa na harufu kali, ya limau lisilowahi kuota kwenye mti wowote, na chini yake kitu kilichokwangua koo. Juu ya hayo Leonidasi alikuwa amepulizia manukato ya gari, chupa nzima, na kuning'iniza kimti cha karatasi kwenye kioo.

"Panda," alisema Niyubahwe.

"Nini?"

"Panda kiti cha nyuma. Cha Bi Zena. Funga vioo vyote. Kaa hapo mpaka niseme shuka."

"Hatuna muda wa michezo."

"Wewe una mapafu mazima. Panda, baba Fidele."

Akapanda kwa hasira. Mkewe akafunga mlango. Kupitia kioo alimwona amekaa wima, mikono magotini, anatazama mbele kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Haikupita hata dakika, machozi yakaanza. Akakohoa mara moja, akajizuia. Akakohoa tena. Kisha akasukuma mlango, akatoka ameinama, akatema kwenye nyasi.

"Siyo mbaya," alisema, sauti imekwaruza.

"Na jua bado halijatoka. Likipanda saa nne, njiani, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, dawa yote iliyo kwenye sponji inapanda juu. Yule bibi amekaa juu yake. Utamfikisha Kibondo?"

"Nitafungua kioo."

"Vumbi nalo?"

Alifuta macho kwa mkono wa shati, akatazama saa, akaingia mbele na kuwasha gari. Niyubahwe aligonga kioo kwa kiganja. "Leonidasi!" Jina lenyewe, ambalo hakuliita tangu Fidele azaliwe. Gari likaingia kwenye ukungu na likapotea, likabaki kusikika tu, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mikono yake ilinuka limau. Aliwaza kwamba akienda, ni yeye atakayekuwa amemfukuzisha mumewe kazi, na Fidele atajua hivyo, na Mabamba watajua. Akiwaza hivyo alikuwa ameshafika barabarani, mkono juu, akiisimamisha bodaboda.

* * *

Nyumba ya Hashimu iko nyuma ya msikiti, ina ukuta mweupe na geti la kijani. Niyubahwe hakuwahi kupita geti lile. Alishuka akakuta liko wazi, Prado limesimama uani linanguruma, na Bi Zena amevaa buibui, kapu la zawadi mkononi, mguu mmoja umeshapanda. Leonidasi alikuwa ameshika mlango. Hashimu, mwenye kanzu tayari kwa Ijumaa, alikuwa anamwegemeza mama yake kiwiko.

"Bibi, usipande!"

Wote wakageuka. Walichokiona ni mwanamke mwenye kitenge kilicholowa, miguu ina tope, ana kandambili zisizofanana.

"Huyu nani?" aliuliza Hashimu.

"Mke wangu," Leonidasi alisema chini chini. Kisha kwa Niyubahwe, kwa Kiha, haraka: rudi nyumbani, nakuomba.

"Bosi, shikamoo. Bibi, shikamoo. Mnisamehe kwa kuingia hivi, lakini bibi asipande. Viti vina dawa. Ni kali, haijatolewa. Ana pumu."

"Dawa gani?"

"Ya kuoshea magari."

"Nani kaiweka? Gari lilikuwa Kibondo."

Niyubahwe alimtazama mumewe. Alimpa nafasi, Mungu ni shahidi. Alihesabu pumzi tatu nzima. Leonidasi alikuwa anatazama mkono wake mwenyewe juu ya mlango.

"Lilikuwa kwangu," alisema Niyubahwe. "Tangu Jumatano. Dawa ni ya kuondoa pombe."

Hashimu hakupandisha sauti. Alimshusha mama yake taratibu, akamkalisha kwenye kiti cha barazani, akarudi. Akaingiza kichwa ndani ya gari. Alipovuta pumzi akakohoa. Akatazama juu. Akanyoosha kidole, akagusa pini moja, halafu ya pili. Pini ya tatu ikaanguka, na dari likamshukia kwenye kofia yake ya Ijumaa.

Kama si siku ile, watu wangecheka.

"Pombe," alisema alipotoka. "Ndani ya gari la mama yangu. Na mimi nikaambiwa mzigo haujashushwa. Miaka tisa! Nikawa nawaambia watu, huyu ni mtu wangu. Kumbe mtu wa kambini ni wa kambini tu."

Leonidasi alipokea neno lile akiwa amesimama. Kambi ya wakimbizi aliiacha zamani, ana kitambulisho cha taifa mfukoni, amepiga kura, mtoto wake kazaliwa hapa, na bado neno lilimwingia kama lilivyoingia siku zote, bila kupiga hodi.

"Hashimu!" Bi Zena alisema kutoka barazani. "Ulimi huo hukunyonya kwangu."

"Mama, huyu angekuua!"

"Na mkewe kaja kwa miguu ya tope kunizuia. Wote wa kambi moja. Ala! Chagua basi ni yupi unamtukana." Alikohoa kidogo, akakaa sawa. "Wewe mwanamke, njoo. Pombe ya nini hiyo?"

"Ya wakwe, bibi. Mtoto wetu anaposa Mabamba."

"Iliwafikia?"

"Haikuwafikia. Ilipasukia njiani."

"Yarabi," alisema bibi, kwa huzuni ya kweli, ingawa kitu chenyewe kilikuwa haramu kwake. "Kupeleka posa ukarudi nayo mgongoni. Maskini."

Hashimu akanyoosha kiganja mbele ya Leonidasi. Leonidasi akazima injini, akachomoa ufunguo, akauweka pale. Miaka tisa ikaishia kwenye kiganja, wala haikutoa mlio.

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mkewe hatua kadhaa nyuma. Ukungu ulikuwa umeinuka, jua linawaka kama halijui kitu. Walipofika kwenye kibanda Leonidasi alisema bila kugeuka: "Pale uani ulinisubiri niseme. Pumzi ngapi?"

"Tatu."

"Zilitosha," alisema. "Mimi ndiye sikuzitumia."

* * *

Jumamosi asubuhi Prado lilikuja likiendeshwa na Hashimu mwenyewe, vioo vyote vinne chini, kipande cha dari kikipepea nje. Alilisimamisha katikati ya njia, mbele ya turubai. Leonidasi alikuwa kwenye simtanki, suruali ameikunja mpaka magotini, anajaza ndoo. Alisimama wima. Hashimu hakumtazama.

"Mama amefika salama," alimwambia Niyubahwe. "Kwa teksi. Amesema nikuletee gari."

"Alhamdulillahi," alisema Niyubahwe, ingawa ni Mkristo. "Karibu, bosi."

"Mafundi wa mjini wanasema kila kitu kitatoka leo leo. Wewe unasemaje?"

"Leo hakitoki. Viti vifunguliwe, vitambaa vivuliwe, sponji ioshwe kwa maji matupu mpaka yatoke bila povu. Halafu zikae juani siku tatu, nne. Dawa sitii tena hata tone, ipo ya kutosha humo."

"Na dari?"

"Dari siliwezi. Gundi imekufa. Hilo upeleke kwa fundi wa viti, na gharama yake ni yetu."

Hashimu alimtazama kwa mara ya kwanza. Alionekana mtu aliyelala vibaya. Labda alitaka kusema kitu kuhusu neno la jana, labda hakutaka. Badala yake alitoa ufunguo, akauweka kwenye mkono wa Niyubahwe, mkono wenye povu.

"Gari nimeliacha kwako," alisema. "Ufunguo huu ni wako wewe, mpaka likauke. Asiushike mtu mwingine."

Alisema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye simtanki. Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo, na Leonidasi hakufunga bomba.

Nyuma, fuso iliyojaa mihogo ilipiga honi. Prado lilikuwa limeziba njia. Ikapiga tena, ndefu.

"Lisogeze, basi," alisema Hashimu.

"Bosi," alisema Niyubahwe, "mimi sijui kuendesha."

Fuso ikapiga honi ya tatu. Hashimu alitazama gari, akautazama ufunguo, mkono wake ukaanza kunyanyuka na ukashuka. Kisha akageuza mgongo. Akasimama hivyo, mikono nyuma ya kanzu, akitazama milima ya Heru Juu kama mtu anayetafuta shamba la kununua.

Niyubahwe alivuka tope mpaka kwenye simtanki. Akafunga bomba. Akanyoosha mkono.

Leonidasi alijifuta viganja kwenye shati kabla ya kuupokea. Akaingia, akarekebisha kioo, akafunga mkanda. Kutoka pale mpaka chini ya turubai ni hatua kumi na mbili, nimezipima. Aliziendesha kwa gia ya kwanza, mikono yote miwili kwenye usukani, polepole, na hakuna jiwe lililotikisika chini ya tairi. Alipofika akazima injini, akakaa kidogo. Kisha akashuka, akaurudisha ufunguo kwa mkewe, akaenda kutafuta spana ya kufungulia viti.